Bakuli Jeusi la Fujian na Wanaolitafuta

Tarehe 15 Septemba 2016, kwenye mnada wa Christie's jijini New York, bakuli la chai lenye kipenyo cha sentimita 12 na ushei liliuzwa kwa dola za Marekani milioni 11.7. Kwa viwango vya wakati ule, hizo ni zaidi ya shilingi bilioni 25 za Tanzania. Wenye mnada walikuwa wamelikadiria kati ya dola milioni 1.5 na 2.5. Halikuwa la dhahabu, wala halikuwa la ile kauri nyeupe nyembamba inayowajia watu akilini wakisikia jina la China. Lilikuwa la udongo wa rangi ya giza, mzito, uliochomwa kwa joto kali hadi ukashikana na kuacha kupitisha maji, nao umevikwa utando mweusi wa kioo uliotapakaa madoa madogo ya rangi ya fedha, ndani na nje.

Bakuli hilo lilitoka katika matanuri ya Jian, karibu na mji mdogo wa Shuiji, wilayani Jianyang, katika jimbo la Fujian kusini-mashariki mwa China. Huko wanaakiolojia wamefukua tanuri moja lililopanda mlima kwa urefu wa zaidi ya mita 130. Tanuri la aina hiyo Wachina huliita tanuri la joka, kwa jinsi linavyojinyoosha juu ya mteremko, na mchomo mmoja ulimeza mabakuli kwa makumi ya maelfu. Chombo hiki basi kilitengenezwa kwa wingi, na wafinyanzi ambao majina yao hayakuandikwa popote, kikatumiwa mahekaluni, majumbani na ikulu. Kimefikaje kwenye bei ya dola milioni 11?

Rai yangu ni kwamba kila sifa inayopendwa na wakusanyaji katika bakuli hili ilizaliwa na chai. Weusi wake, unene wake, umbo lake, hata lile tone la utando lililoganda juu ya kitako, vyote vilijibu haja ya mnywaji au ya mchomaji. Bei ni jambo jingine. Hiyo imejengwa na watu waliolitunza bakuli baada ya chai yenyewe kutoweka. Anayeyachanganya mambo haya mawili atalijua bakuli kwa bei tu, na kwa bei hiyo hiyo atadanganywa.

Tuanze na chai. Katika enzi ya Song (960–1279) watu hawakuchemsha majani wala kuyaloweka kwenye birika. Majani bora yalichumwa Beiyuan, shamba la chai la ikulu lililokuwa Jian'an, kwenye milima hiyo hiyo ya Fujian yalikokuwa matanuri. Yalipikwa kwa mvuke, yakakamuliwa maji yake, yakashindiliwa kuwa vidonge, na vidonge vikakaushwa. Saa ya kunywa ilipofika, kidonge kilivunjwa, kikasagwa na kuchekechwa hadi unga laini kabisa. Unga uliwekwa ndani ya bakuli lililopashwa moto, ukamiminiwa maji ya moto kidogo kidogo, ukapekechwa kwa kijiko, na katika vizazi vya baadaye kwa kipekecho cha mwanzi, mpaka povu zito likapanda juu. Povu hilo lilitakiwa liwe jeupe.

Watu walishindana kwa povu. Kila mmoja alipekecha chai yake, kisha wote wakatazama ukuta wa bakuli. Povu lililojishika na ukingo na kukawia hapo ndilo lililoshinda. Lililoachia mapema na kuonyesha mstari wa maji lilishindwa. Mchezo huo ulichezwa na wasomi, watawa na maofisa wa serikali, na mkulima wa chai aliyetaka zao lake lichaguliwe kwa ikulu alikuwa na sababu ya kuuchukulia kwa uzito zaidi ya wote. Weka sasa povu jeupe ndani ya bakuli jeupe, uone kama utautambua mstari huo. Ndani ya bakuli jeusi unaonekana mara moja.

Hilo silisemi kwa kukisia. Cai Xiang (1012–1067), mzaliwa wa Fujian, mwandishi wa hati mwenye sifa kubwa na ofisa aliyesimamia chai iliyopelekwa ikulu, aliandika kijitabu juu ya chai karibu na mwaka 1050. Humo alieleza kwamba chai nyeupe hufaa kunywewa katika bakuli jeusi, kwamba mabakuli ya Jian'an yana weusi wenye michirizi mithili ya manyoya ya sungura, na kwamba ukuta wake mnene ukishapashwa moto hukawia kupoa. Vyombo vya kwingine aliviona vyembamba mno au vya rangi isiyofaa. Mwaka 1107 mfalme Huizong mwenyewe aliandika risala juu ya chai. Naye alisifu weusi wenye michirizi, lakini akaongeza jambo ambalo mtu asiyewahi kupekecha chai asingelifikiria: bakuli liwe na kina cha kutosha ili povu lipande, na chini pawe na upana kidogo ili kipekecho kizunguke bila kugonga.

Ukiyasoma maelezo ya hao wawili huku umetazama bakuli la Jian, unaelewa kwa nini lina umbo lile. Limefunguka juu kama koni na kukaza chini kwenye kitako kidogo. Chini kidogo ya mdomo pana mfuo mwembamba, ambao humsaidia mnywaji kushika na kumwonyesha mpekechaji kipimo cha maji. Udongo wake una chuma kingi kiasi kwamba ukivunjika ndani huonekana wa kijivu cha giza au mweusi unaokaribia zambarau, na uzito wake humshangaza anayelinyanyua kwa mara ya kwanza. Baadhi ya vitako vimechorwa maandishi mawili mawili, *gongyu* au *jinzhan*, kuonyesha kwamba vilitengenezwa kwa ajili ya ikulu. Wakusanyaji huyagombania mabakuli yenye alama hizo, ijapokuwa mengi yaliyopatikana nayo ni vipande vilivyotupwa palepale kwenye tanuri kwa sababu ya kasoro.

Kuhusu moto nitakaa zaidi, maana uzuri wote umo humo.

Utando wa bakuli la Jian ulikuwa mchanganyiko wa udongo wenye chuma na majivu, uliokorogwa kwa maji. Bakuli lilichovywa humo likiwa bichi, likakaushwa, likaingizwa tanurini mara moja tu. Chuma katika utando huo huwa kati ya asilimia 5 na 8 hivi, na moto ulifika karibu nyuzi 1,300 za Selsiasi. Kwenye joto hilo utando huyeyuka kuwa kioo kizito kinachotembea taratibu, na sehemu ya oksidi ya chuma hubadilika na kuachia hewa ya oksijeni. Mapovu madogo ya hewa hiyo hupanda juu yakibeba chuma, na yanapopasuka huacha madoa ya chuma juu ya uso wa kioo. Ikiwa moto utatulia wakati huo na bakuli likapoa vizuri, madoa hubaki yalivyo, mviringo, ya rangi ya fedha au kahawia. Hayo ndiyo yanayoitwa matone ya mafuta. Moto ukiendelea zaidi kidogo, kioo huteleza ukutani kuelekea chini, madoa yakavutika na kuwa michirizi myembamba. Hayo ndiyo manyoya ya sungura. Ukizidi tena, kila kitu huyeyukiana na kubaki weusi mtupu, au kahawia iliyoungua.

Kuteleza huko ndiko kulikofanya mdomo wa bakuli ubaki na utando mwembamba, mkavu, unaokwaruza midomo, hata wenye uwezo wakaufunga kwa pete ya fedha, dhahabu au shaba. Ndiko pia kulikofanya utando ulundikane chini. Mfinyanzi aliuacha ukome kabla ya kitako, kwa kuwa ukifika chini bakuli litagandamana na kasha lake na yote mawili yatakuwa hasara. Mara nyingi tone zito limesimama pale pale lilipogandia, milimita chache juu ya udongo ulio wazi. Wakusanyaji hulipenda tone hilo kuliko kitu chochote, nami naona wana haki, maana ni mahali pekee ambapo jicho linaweza kuona jinsi bakuli lilivyokaribia kuharibika.

Mchomaji huyo hakuwa na kipimajoto. Aliusoma moto kwa rangi yake kupitia matundu ya tanuri. Mpika halua wa Unguja anao ujuzi wa namna hiyo, anayejua kwa mkono na pua wakati wa kuepua. Lakini yeye sufuria yake anaiona. Mchomaji wa Jian alikuwa amefungia kila bakuli ndani ya kasha lake la udongo, makasha yamepangwa safu juu ya safu, na mabakuli ya karibu na mdomo wa tanuri yalipata moto tofauti kabisa na yale ya kule juu mlimani. Alifungua kasha siku kadhaa baadaye, tanuri likishapoa, akayaona kwa mara ya kwanza. Malundo ya vipande na makasha yaliyotupwa Shuiji yamefunika vilima vizima.

Mwaka 2014 wanasayansi wa Ufaransa, Marekani na China walichapisha matokeo ya kuchunguza vigae vya Jian kwa mionzi. Katika utando walikuta aina adimu ya oksidi ya chuma, inayoitwa epsiloni, ambayo ni ngumu sana kuitengeneza maabara na hupatikana humo kwa chembe ndogo mno na chache. Aina hiyo ina nguvu za sumaku ambazo wahandisi wa leo wanazitamani kwa vifaa vya elektroniki. Katika vigae vile ilikuwapo kwa kiasi kikubwa, na fuwele zake zilikuwa kubwa kuliko zile za maabara. Mtu aliyechoma bakuli la kunywea chai karne ya kumi na mbili alikuwa ameitengeneza bila kujua ipo.

Juu ya matone na manyoya yote kuna daraja moja zaidi, ambalo Wajapani huliita *yohen*. Hapo madoa yamekusanyika vikundi vikundi, na kila doa limezungukwa na mwanga wa bluu na zambarau unaobadilika kadiri unavyoligeuza bakuli. Mabakuli kamili ya aina hiyo yanayokubaliwa na wataalamu wote ni matatu duniani. Moja liko katika Makumbusho ya Seikado Bunko jijini Tokyo, la pili katika Makumbusho ya Fujita mjini Osaka, na la tatu ni mali ya Ryoko-in, nyumba ya watawa ndani ya hekalu la Daitoku-ji mjini Kyoto. Yote matatu yameandikishwa kuwa Hazina za Taifa za Japani. Wafinyanzi wa Japani na China wameumiza vichwa kwa miongo mingi wakijaribu kuyarudia, na wengine wamekaribia, ila mabishano hayajaisha kuhusu namna yale ya asili yalivyopatikana.

Jian haikuwa peke yake. Huko Jizhou, jimboni Jiangxi, walitengeneza mabakuli mepesi zaidi, ya udongo wa rangi hafifu, yenye madoadoa ya gamba la kobe au maua yaliyowekwa kwa kukata karatasi. Maarufu kuliko yote ni yale yenye jani: jani halisi la mti lililazwa ndani ya bakuli, likaungua tanurini, na majivu yake yakaacha alama ya mishipa yote juu ya weusi. Ni kazi ya kupendeza sana. Lakini pale mfinyanzi anachora kwa kutumia moto, ilhali Jian moto umeachiwa uchore wenyewe, nami moyo wangu uko Jian.

Hadi hapa tumeona chombo na kazi yake. Jinsi kilivyogeuka kuwa hazina ni habari ya nchi mbili, moja iliyokiacha na nyingine iliyokishika.

Watawa wa Kijapani waliokwenda kusoma dini ya Zen katika mahekalu ya mashariki mwa China, likiwemo lile la mlima Tianmu jimboni Zhejiang, waliikuta chai ya unga ikinywewa huko na wakarudi nayo pamoja na mabakuli yake. Jina la mlima huo, kwa matamshi ya Kijapani *tenmoku*, likawa jina la mabakuli haya, na hata leo wafinyanzi wa Ulaya na Marekani huuita tenmoku utando wowote mweusi wa chuma. Biashara ilifuata. Mwaka 1323 meli iliyotoka Ningbo kuelekea Japani ilizama karibu na Shinan, pwani ya Korea. Ilipopatikana katika miaka ya 1970 ilikuwa na vyombo vya kauri zaidi ya 20,000. Miongoni mwake yalikuwemo mabakuli ya Jian machache, na mengine yalikuwa na dalili za kutumika kabla ya kupakiwa melini. Kwangu mimi huu ni ushahidi wenye uzito mkubwa. Vyombo vingine vilikuwa vipya, vikitoka tanurini kwenda sokoni, bali mabakuli haya yalikuwa tayari vitu vya kale vinavyouzwa kwa sababu ya ukale wao. Mkusanyaji wa bakuli la Jian basi si mtu wa zama zetu. Alikuwepo takriban miaka 700 iliyopita na alikuwa tayari kulipa nauli ya bahari.

China, kwa upande wake, ilikuwa inaachana nayo. Matanuri ya Jian yalidhoofika chini ya utawala wa Wamongolia, na mwaka 1391 mfalme Hongwu, mwanzilishi wa enzi ya Ming, alifuta amri ya kupeleka vidonge vya chai ikulu akataka majani yaliyo huru. Watu wakahamia kwenye chai ya kuloweka. Chai hiyo haina povu la kushindaniwa. Rangi ya maji yake ndiyo inayotazamwa, na hiyo huonekana vizuri ndani ya kikombe cheupe. Bakuli jeusi likakosa kazi katika nchi yake, likaendelea kuwa na kazi ng'ambo.

Nchini Japani watumishi wa sanaa wa nyumba ya Ashikaga, watawala wa kijeshi, waliandika mwongozo wa vitu vya thamani vilivyokuwamo ikulu, na humo mabakuli ya chai yamepangwa kwa madaraja na bei: yohen juu kabisa, kwa *hiki* 10,000 za fedha ya wakati ule, matone ya mafuta 5,000, mengine ya Jian 3,000, ya Jizhou 1,000. Orodha hii ni ya karne ya kumi na tano hadi ya kumi na sita. Mnada wa leo bado unafuata mpangilio uleule, na wengi wanaonyanyua mkono kununua hawajui kwamba ladha yao ilipangwa na watumishi wa Ashikaga.

Ladha hiyo iliwahi kupingwa, tena na watu wazito. Murata Juko katika karne ya kumi na tano, na baadaye Sen no Rikyu (1522–1591), waliigeuza sherehe ya chai kuelekea vyombo vya unyenyekevu, mabakuli ya wakulima wa Korea na yale ya Raku yaliyofinyangwa kwa mkono mjini Kyoto. Tenmoku halikutupwa. Lilipandishwa juu ya kigoda chake na kuwekewa wageni wa heshima kubwa na madhabahu ya hekalu. Nadhani kupandishwa huko kuliliokoa, kwa sababu chombo kinachotoka mara chache hakivunjiki. Ila ndiko kulikoanza kulitenga na mkono wa mtu.

Lile la Seikado linaonyesha jambo hili hadi mwisho wake. Lilikuwa la nyumba ya Tokugawa, watawala wa kijeshi wa baadaye. Mtawala Iemitsu alimpa Kasuga no Tsubone, mama aliyemlea. Kwake likapita kwa ukoo wa Inaba, na kwa hiyo linaitwa tenmoku la Inaba. Mwaka 1934 lilifika mikononi mwa Iwasaki Koyata, mkuu wa kampuni za Mitsubishi. Inasimuliwa kwamba hakulinywea chai hata mara moja, akisema si chombo cha mtu binafsi kukitumia. Naiheshimu adabu yake. Lakini kazi nzima ya bakuli hili, kuanzia unene wa ukuta hadi upana wa chini, ilikuwa kwa ajili ya kunywewa, na aliyelimiliki akaona kulitumia ni kulivunjia heshima. Hapo ndipo thamani ya kumilikiwa ilipoifunika kabisa thamani ya kutumika.

Silsila ya wamiliki ndiyo inayouzwa siku hizi pamoja na udongo. Bakuli la New York lilikuwa la ukoo wa Kuroda, mabwana wa Fukuoka, na tangu 1935 serikali ya Japani ilikuwa imeliorodhesha kuwa kitu muhimu cha sanaa, hadi lilipoondolewa kwenye orodha hiyo na kuruhusiwa kutoka nchini. Mabakuli ya namna hiyo husafiri na masanduku ya mbao yaliyowekwa ndani ya masanduku mengine, mifuko ya hariri, vigoda vya laki, na maandishi ya wajuzi waliolithibitisha kizazi baada ya kizazi. Bakuli linalofanana nalo kwa sura, lililochimbwa mlimani bila jina la mtu yeyote, litauzwa kwa sehemu ndogo sana ya bei hiyo. Mabakuli ya kawaida ya Jian, yale ya kahawia yaliyobonyea au yaliyogandamana na kasha, yanapatikana kwa bei ambayo mwalimu wa sekondari wa Ulaya anaweza kuidunduliza.

Na hayo ya kawaida yalitoka wapi? Mwaka 1935 Mmarekani James Marshall Plumer, aliyekuwa akifanya kazi katika forodha ya China, alisafiri hadi Shuiji akayakuta matanuri na malundo yake, akawaambia wasomi wa nje mahali mabakuli ya tenmoku yalikofinyangwa. Kabla ya hapo wengi waliyajua kupitia Japani tu. Baadaye wanaakiolojia wa China walifukua sehemu kadhaa kwa utaratibu, na eneo lote likalindwa na serikali. Hata hivyo bei ilipopanda, majembe ya usiku nayo yalipanda mlima. Bakuli lililotolewa hivyo halina safu ya udongo, halina jirani, halina tarehe. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki hatuna haja ya kuelezwa maana ya hasara hiyo. Vyombo vya China vilivyofika kwetu vilikuwa hasa vya kijani kutoka Longquan, na baadaye vya bluu na nyeupe. Vigae vyake vimepatikana Kilwa, Gedi na Shanga, na mabakuli mazima yalipachikwa kwenye kuta za misikiti na nguzo za makaburi. Nenda Kunduchi leo. Katika makaburi kadhaa utaona mashimo ya mviringo kwenye lipu, mahali bakuli lilipong'olewa na mtu aliyejua kuna mnunuzi.

Baada ya majembe kuna ghushi. Jian inaghushiwa kwa njia ambayo vyombo vingine ni shida kughushiwa, kwa sababu malundo yale yanatoa udongo halisi wa kale. Mtu huchukua bakuli la Song lililoharibika tanurini, akalipaka utando mpya, akalichoma tena. Ukilipima kitako, ni cha Song kweli. Kipimo cha maabara kinachopashia udongo moto na kuhesabu mwanga unaotoka kinaweza kusema udongo ulichomwa mara ya mwisho lini, lakini muuzaji mjanja hujua pia pa kuchokonoa sampuli. Wazoefu hutazama vitu vidogo: alama za kisu kwenye kitako, ung'avu ambao matumizi ya karne nyingi huulainisha na ambao asidi huuacha umekufa, mikwaruzo ndani ya bakuli ambayo lazima ikae pale kipekecho kilipozunguka na si kwingineko. Hapa pia chai ndiyo inayotoa ushahidi.

Mwishoni mwa mwaka 2016, kipindi kimoja cha televisheni cha Japani kilitangaza kwamba yohen la nne limepatikana katika nyumba ya mtu, likathaminiwa kwa yeni milioni 25. Watafiti na wafinyanzi walipinga mara moja, baadhi wakisema ni bidhaa ya kisasa kutoka China. Bei hiyo peke yake ingetosha kuwatia watu shaka. Kitu cha nne duniani cha daraja hilo hakiuzwi hivyo. Jambo la kutazamwa hapo ni kwamba wajuzi wa maisha yao yote walitofautiana kuhusu chombo kilichokuwa mbele ya macho yao, kwa kuwa hakikuwa na silsila wala rekodi ya mahali kilipotoka.

Uvumbuzi uliobadilisha mjadala ulikuja bila masanduku ya hariri. Mwaka 2009, katika eneo la ujenzi mjini Hangzhou, palipokuwa makao makuu ya Song baada ya Kaifeng kutekwa mwaka 1127, vilipatikana vipande vya bakuli moja la yohen, vikaunganishwa hadi kurudisha zaidi ya nusu yake. Mpaka siku hiyo maelezo yaliyozoeleka yalikuwa kwamba Wachina waliyaona mabakuli yenye mabadiliko hayo ya rangi kuwa ya mkosi, wakayavunja palepale kwenye tanuri, na machache yaliyoponyoka yakaenda Japani. Bakuli la Hangzhou lilivunjika karibu na maisha ya ikulu, mamia ya kilomita kutoka Shuiji. Mtu alikuwa amelichagua, amelisafirisha kwa uangalifu mpaka mji mkuu, na ameliweka mahali pa kutumika.

Kwa hiyo hoja ya mkosi imeanguka, na swali lililobaki ni gumu zaidi: ikiwa ikulu iliyapenda mabakuli ya yohen, kwa nini yalitoka machache kiasi hiki? Je, mchomaji mmoja alijua njia akafa nayo, au ni tanuri moja lililokuwa na kuni na upepo wake? Hilo linaweza kujibiwa kwa vigae vya Shuiji, kwa kujua kila kigae kilikuwa safu gani na karibu na mdomo gani wa moto. Sehemu kubwa ya malundo hayo bado haijafukuliwa kwa utaratibu. Wakusanyaji wana uwezo wa kulisaidia jibu hilo au kulizuia, kwa kila bakuli lisilo na asili wanalokubali au kukataa kulinunua.